Fedha Halisi

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na saba mwezi wa pili, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Saa nazijua kwa sababu king'ora cha kiwanda kilikuwa kinaita zamu ya kwanza nilipoanza, na kililia cha mapumziko wakati nanyanyua sarafu ya mwisho, ya arobaini, kuiangalia kwenye mwanga wa mlangoni. Nikayaona meno yangu ndani yake.

Zote arobaini nilikuwa nimezisugua.

Hakuna aliyenituma. Niliketi kwenye kigoda, gazeti nimelitandaza miguuni, nikachukua kisu cha jikoni nikawa navunja vile vikasha vya plastiki kimoja kimoja kama mtu anayemenya mayai. Kila kikasha kilikuwa na sarafu moja ya fedha, upande mmoja uso wa mwanzilishi wa kiwanda na miwani yake, upande wa pili koki ya maji. Zilikuwa zimeanza kupiga weusi pembeni, na nyingine zimeshika ukungu wa manjano kama meno ya mvuta sigara. Mimi siwezi kupeleka chuma kichafu kwa mnunuzi. Miaka thelathini na moja nimesugua koki na vitasa kwenye kiwanda kile, na sheria ya kwanza niliyofundishwa, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi, ni kwamba chuma kikitoka mkononi mwako kina doa, mshahara unakatwa.

"Unasugua nini?" mama mkwe akauliza kutoka chumba cha ndani. Macho yake yamekwisha, lakini pua yake inatosha watu watatu. Harufu ya dawa ya kung'arishia ilikuwa imeshamfikia.

"Sarafu za marehemu."

"Zimekukosea nini?"

"Chafu, Mama. Kesho nazipeleka kuuzwa."

"Mwanangu alikuwa akisema wewe ukiwekewa ngazi utausugua mwezi."

Nikacheka, nikachovya kitambaa tena.

Sarafu zenyewe zilikuwa kiinua mgongo cha mke wangu. Alifanya kazi chumba cha kuchovya, kule koki zinakozamishwa kwenye mapipa ya dawa ili zitoke zinameremeta. Miaka kumi na tisa. Barakoa walipewa moja kwa miezi mitatu, na ikikatika kamba unaambiwa ufunge fundo. Alianza kukohoa mwaka juzi. Msimamizi wake akamwambia apunguze kunywa maji baridi. Mwezi wa kumi na moja nikamzika, na wa kumi na mbili ikaja barua.

Mimi niliishia darasa la nne. Barua naisoma polepole, kidole chini ya maneno. Ilisema: *Kiinua mgongo cha marehemu kitalipwa kwa fedha halisi.* Nikaisoma mara tatu, halafu nikamsomea mama mkwe.

"Fedha halisi," akarudia. "Afadhali. Hundi zao zina miguu, zinakwenda benki zinarudi."

Siku ya malipo nilikwenda nimekunja mfuko wa kaki ndani ya shati, wa kutilia noti. Mbele yangu walikuwepo wajane na wastaafu kama kumi na mmoja, kila mmoja na mfuko wake. Zamu yangu ilipofika, Meneja akanisukumia sanduku la mbao kuvuka meza.

"Hizi nini, bosi?"

"Fedha halisi. Asilimia tisini na tisa nukta tisa. Soma barua yako."

"Mimi nilijua fedha ni pesa."

"Mzee, pesa ingeandikwa pesa." Akasema hivyo kwa upole kabisa, kama anayenifundisha kufunga kiatu. Halafu akafungua kikasha kimoja, akanieleza. Ziko elfu mbili tu, zilitengenezwa kwa sherehe ya miaka hamsini ya kiwanda, kila moja na cheti na namba yake. "Fedha ya kawaida, ile ya mikuo, vipande vilivyoyeyushwa, inauzwa kwa uzito, kama misumari. Hii ina heshima yake. Hii inakwenda mara tatu ya uzito wake, na kila mwaka inapanda. Umeona bei iliyoandikwa kwenye cheti? Hiyo ndiyo tuliyokulipa. Wenzako watakuonea gere."

Nilitaka kusema kitu, lakini karani wake alikuwa ameshanishikia kalamu, na nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa. Nikasaini.

Baadaye aliyekuwa mtunza stoo, rafiki yangu ambaye mpaka leo tunamwita Stoo, alinipa habari yote. Sarafu zile zilitengenezwa ziuzwe kwa wateja siku ya sherehe. Wateja wakala keki, wakaondoka. Zikabaki katoni kwa katoni, na yeye mwenyewe alizipanga stoo, baina ya sabuni na karatasi za chooni, zikakaa miaka minne, mpaka mkubwa mmoja akakumbuka kuwa kuna watu wanaodai viinua mgongo.

"Lakini ni fedha kweli," Stoo akasema. Na yeye alilipwa hizo hizo, kumi na mbili. "Hilo huwezi kuwanyima. Na zikiwa chache hupanda."

Nisingehangaika nazo. Zingekaa chini ya kitanda mpaka nife. Ila mwezi wa kwanza wakabandika tangazo ukutani kwenye kota: kiwanda kinauza nyumba zake. Anayeishi ndani apewe nafasi ya kwanza ya kununua. Mwisho tarehe ishirini na nane mwezi wa pili. Asiyelipa akabidhi ufunguo.

Kota yetu ni vyumba viwili na jiko. Dirisha la chumba cha ndani linatazama ukuta wa kiwanda, umbali wa mkono; ukilifungua unaweza kuegemea kiwiko kwenye matofali ya mwajiri wako. Ukuta una unyevu, umevimba tumbo. Sijawahi kuipenda. Lakini macho ya mama mkwe yalipokwisha, mke wangu alinunua kamba ya katani, akaifunga kutoka kitandani kwa mama yake mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, jikoni mpaka chooni, akaweka fundo kila penye kona. Fundo moja, kata kulia. Mafundo mawili, kizingiti. Bibi yule anakwenda jikoni, anachemsha chai yake, anarudi, wala hamwambii mtu nishike mkono. Mtoe hapo, umkalishe kwenye kiti nyumbani kwa mtu, atakuwa mzigo uliowekwa kona, anangoja kunyanyuliwa.

Kwa bei ya kwenye vyeti, sarafu arobaini zilikuwa zinanunua kota na kubakiza za bati mbili za jikoni. Hesabu hiyo niliipiga kwenye ukuta kwa mkaa, nikaifuta, nikaipiga tena. Ikatoka vile vile.

Ndiyo maana Jumatano ile nikazisugua.

Alhamisi nikavaa shati la kanisani, nikazifunga sarafu kwenye taulo, nikaenda kwa sonara. Duka lake liko juu ya ngazi, lina mlango wa vyuma, unabonyeza kengele unakaguliwa kwanza kama mfungwa. Ni mwanaume wa makamo, mpole, anavaa kioo cha kukuzia kwenye paji la uso. Nikafungua taulo mbele yake. Duka zima likang'aa. Nikangoja anisifu.

Akashusha kioo machoni. Akachukua moja, akaigeuza. Akachukua ya pili. Alipofika ya tano akakipandisha kioo juu.

"Mzee wangu, hizi kazisugua nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa na doa."

Akavuta stuli akakaa. Nikajua hapo. Mtu akivuta stuli kabla ya kuongea, ujue unapewa msiba.

"Nikueleze," akasema. "Mtu anayenunua sarafu ya kumbukumbu hanunui fedha. Fedha iko tele, ataikuta kwenye mkuo kwa bei rahisi. Ananunua uso. Anataka uso ule ulivyotoka kwenye mashine, haujaguswa na kidole. Ule weusi ulioufuta, mwingine angeulipia. Angalia hapa." Akanipa kioo.

Nikaangalia. Mikwaruzo ilikuwa imejaa kama nywele, inazunguka, inazunguka, jinsi mkono wangu ulivyozoea kuzunguka. Mwanzilishi wa kiwanda alikuwa hana pua. Miwani yake ilikuwa imebaki mstari mmoja.

"Kazi safi," sonara akasema. "Ingekuwa kijiko ningekuajiri."

"Sasa utanipa ngapi?"

"Bei ya kuyeyusha. Uzito tu, kama mkuo." Akaziweka mizani, akaandika, akanigeuzia karatasi. Kwa bei ile nilikuwa nimepata chumba kimoja, bila paa.

Nikamuuliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza. "Na kama nisingezisugua?"

Akakisugua kidevu chake kwa kidole. "Sijui nikwambie nini. Vyeti vinasema mara tatu. Lakini cheti kinaandikwa na anayeuza. Sarafu za nchi, zile za wafalme, hizo zina wateja wake, nazijua bei. Hizi za kiwanda cha koki, sijawahi kuletewa. Pengine yuko mtu anazikusanya. Pengine hayuko. Ningekuwa na moja safi, yenye kikasha chake, ningeitangaza tuone. Wewe umeniletea arobaini zilizokwisha."

Sikuuza. Nikazifunga kwenye taulo nikashuka ngazi, na kila ngazi nilikuwa na jambo moja kichwani. Kama zilikuwa na thamani ile, basi aliyemnyang'anya mama mkwe nyumba ni mimi, kwa mkono wangu na kitambaa changu, kwenye kigoda changu. Kama hazikuwa nayo, ni Meneja na wakubwa zake, na mimi nimesugua takataka tu. Mambo mawili, na sina pa kutokea. Nikielekea huku nakuta ukuta, nikigeuka nakuta mwingine.

Safi, yenye kikasha chake. Nikaenda moja kwa moja kwa Stoo.

Nilimkuta anakaanga mayai. Nikamweleza yote, sikuficha hata pua ya mwanzilishi. Akacheka mpaka akaondoa sufuria motoni.

"Wewe bwana. Ungeachiwa hata jua lingekuwa limeisha."

"Nipe moja yako. Twende wote kwa sonara, aitangaze. Ikiuzwa, pesa yako."

Kicheko kikamkauka. Akageuza yai ambalo lilikuwa limeshaiva.

"Siuzi. Nasubiri zipande."

"Moja tu, mwenzangu. Utabaki na kumi na moja."

"Ndiyo hilo." Akaniangalia sasa. "Nikiuza moja nikaambiwa haina kitu, hizo kumi na moja nitazitazama vipi? Mke wangu anajua tuna akiba. Mwanangu wa chuo anajua tuna akiba. Mimi mwenyewe nikiamka najua nina akiba. Wewe unataka nipande ngazi nikaulize kama ninayo?"

"Mimi nimebakiza siku kumi."

"Najua, ndugu yangu. Kula yai."

Sikula. Lakini sikumkasirikia pia, na hilo liliniudhi zaidi. Hasira yangu nilikuwa nimeshamwekea mwenyewe, Meneja, na yuko ofisini anapulizwa na feni.

Nyumbani sikusema kitu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni.

"Nipe moja niishike," akasema.

Nikampa. Akaipapasa kwa gumba, mbele na nyuma, taratibu, kama anavyopapasa mchele.

"Huyu hana uso."

"Hana, Mama."

"Walikwambia nini huko?"

"Kwamba ana thamani kwa sababu ya uso."

Akairudisha mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikanigusa. "Basi tunahama lini?"

"Nani kasema tunahama?"

"Baba, mimi sioni, si kwamba sisikii. Umepanda hapo mlangoni unavuta miguu kama umebeba kabati." Akaigusa kamba. "Kamba uifungue vizuri, usiikate. Tutakwenda nayo."

"Kamba ile ina urefu wa nyumba hii."

"Nyumba nyingine itakuwa na urefu wake. Utafunga mafundo mapya."

Nyumba ipi? Nilitaka kumuuliza. Kaka yake mke wangu ana chumba kimoja na watoto watano. Dada yangu alishasema, wewe njoo, bibi sina pa kumlaza. Nilikaa pale jikoni nikitazama kamba ile ikipita juu ya kichwa cha kiti, inakwenda chooni, na mafundo ya mke wangu yamepauka kwa kushikwa.

Usiku na mchana nilitafuta mlango. Tarehe ishirini na sita nikadhani nimeupata. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi mpaka nikajishangaa. Kiwanda ndicho kilichonilipa sarafu hizi kwa bei ya cheti. Kiwanda ndicho kinachouza nyumba. Basi na wao wazipokee kwa bei ile ile. Sonara wa nini?

Nikazirudisha kwenye sanduku lao la mbao, na vyeti vyote arobaini juu yake, nikaenda ofisini. Karani aliniweka kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nilipoingia nikaliweka sanduku mezani pale pale nilipolichukulia.

"Nimekuja kununua kota namba kumi na nane."

Meneja akafungua sanduku. Akachukua moja kwa ncha za vidole.

"Umezisugua."

"Mlinifundisha wenyewe. Doa moja, mshahara unakatwa. Mmenikata mara sita, tarehe nazikumbuka."

"Hizo zilikuwa koki, mzee."

"Na hii ina koki mgongoni."

Karani akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Meneja hakucheka. Akachomoa cheti kimoja, akakigeuza nyuma, akanionyesha maandishi madogo kama mayai ya chawa. Akanisomea: sarafu isitolewe kwenye kikasha, isiguswe, isisafishwe, ikifanywa hivyo thamani iliyotajwa inakoma.

"Umeona? Imeandikwa. Hatukukuficha."

"Siku ile ulinisomea mbele tu."

"Nyuma ni wajibu wa mpokeaji."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilikuwa nimepanga kumtajia barakoa, na yale maji baridi, na keki waliyokula wateja. Yote nikayaacha, maana alikuwa ameshika kile cheti vizuri, na mimi kosa langu lilikuwa linang'aa mezani, arobaini nzima.

"Sawa," nikasema. "Nimekosa. Andika kwamba nimekosa, nitasaini. Niulize jambo moja tu, niondoke."

"Uliza."

"Kama nisingezisugua, mngezipokea?"

Feni ikageuka kwangu, ikageuka kwake. Meneja akamtazama karani. Karani akaitazama mashine yake kana kwamba imemwita.

"Kota zinauzwa kwa pesa taslimu," Meneja akasema.

"Hilo nimelisikia. Sikuuliza zinauzwa kwa nini. Tuseme nimeleta sarafu zina vikasha, zina weusi wake, hazijaguswa, pua ipo. Bei ni hii uliyoniandikia wewe. Ungezichukua ukanipa nyumba?"

"Mzee, hilo jambo halikutokea."

"Najua halikutokea. Ndiyo maana nauliza."

Akafunga sanduku, akalisukuma kuvuka meza, kama siku ile. "Swali hilo ni la makao makuu. Liandike, tutalipeleka."

Nikaliandika pale pale kwenye benchi. Mistari minne. Karani akanirekebishia neno moja, sikumwomba, akaligonga muhuri: IMEPOKEWA. Nakala ninayo.

Leo ni tarehe ishirini na nane. Kamba sijaifungua. Mama mkwe amevaa viatu tangu asubuhi, ameketi kitandani na kifurushi chake magotini, na mara mbili nimemwona mkono wake ukipanda kutafuta fundo la kwanza, ukalishika, ukaliachia. Sanduku liko juu ya meza. Hata bei ya kuyeyusha sijaichukua, maana nikiziyeyusha hakuna mtu atakayelazimika kunijibu.

Saa nane mtu wa kiwanda anayeshughulikia nyumba akaja na orodha yake na kalamu sikioni. Ni mstaarabu, alibisha hodi.

"Kumi na nane. Unalipa au unakabidhi?"

"Nina barua makao makuu. Nangoja jibu."

"Jibu la nini?" Akapekua orodha, karatasi ya kwanza, ya pili. "Hapa hakuna kitu kuhusu barua. Hebu nisomee uliandika nini."

Nikaitoa mfukoni, nikaikunjua, nikaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. Mama mkwe kule ndani akaacha kusogeza viatu, anasikiliza.

"Niliuliza hivi," nikamwambia. "Kama nisingezisugua, mngezipokea?"